Vitisho kwa simu: Neno li wazi, nia iko wapi?

Na Mwandishi Wetu

"Nitakuchinja" na "nitakuchinjia" ni maneno yanayotenganishwa na irabu moja tu. La kwanza ni tishio la roho ya mtu. La pili ni ahadi ya ukarimu: mfugaji wa Ngorongoro humwambia hivyo mgeni anayemtarajia, na ndugu humwandikia ndugu yake hivyo Iddi ya kuchinja inapokaribia. Mwandishi akidondosha irabu zote, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wanapoandika kwa haraka, maneno yote mawili hubaki "ntkchnj", na msomaji ndiye aamue kama amealikwa au ametishwa. Wazee waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu zisizotiwa irabu wanaijua taabu hiyo. Mara nyingi iliwalazimu waijue habari ndipo walitambue neno.

Mpelelezi na hakimu wa leo wanakutana na taabu hiyohiyo, na kwao kosa lina gharama kubwa. Tishio la kweli likichukuliwa kuwa mzaha, huenda mama wa watoto akauawa ilhali onyo lilikuwa limelala ndani ya simu yake kwa wiki nzima. Mzaha ukichukuliwa kuwa tishio, huenda kijana asiye na hatia akakaa mahabusu na jina la familia yake likachafuka. Makala haya yanaeleza jinsi nia ya madhara inavyotafutwa ndani ya ujumbe wa simu, ni wapi elimu hiyo imefika na wapi inakomea, na wajibu wa familia kabla jambo halijafika kituoni.

Kwa nini Wasso

Wasso, mji wa biashara na hospitali katika tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, una sababu zake za kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 2011 habari za kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge zilipaa kwa mdomo, kwa vyombo vya habari na kwa simu, hata maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya nchi wakajazana katika njia zielekeazo huko. Hapo wilaya ilishuhudia kwa macho jinsi maneno machache yanavyoweza kuhamisha umati.

Miaka kumi na moja baadaye ilishuhudia upande mwingine. Juni 2022, wakati wa uwekaji wa mipaka katika eneo la kilometa za mraba 1,500 la Pololeti, askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale na wananchi wakajeruhiwa. Picha na maneno ya siku hizo yalivuka mpaka kuingia Kenya na kwenda ulimwenguni. Wenyeji zaidi ya 20 walishtakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande miezi kadhaa, na Novemba mwaka huohuo upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Hatuyakumbushi hayo ili kufufua machungu. Tunayakumbusha kwa sababu mahali penye majeraha kama hayo, sentensi moja ya simu inaweza kusomwa kwa hofu ambayo mwandishi wake hakuikusudia, au ikafichwa ndani yake shari ambayo mgeni hawezi kuiona.

Kuna na suala la lugha. Katika soko la Wasso Mmaasai, Msonjo na mfanyabiashara aliyetoka Arusha au Kondoa huelewana kwa Kiswahili, lakini kila mmoja huleta ndani yake desturi ya lugha ya mama yake. Mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili anaweza kuandika sentensi kali kuliko alivyotaka. Na ujumbe ulioandikwa kwa Kimaasai ni lazima utafsiriwe kabla ya kusomwa mbele ya mahakama, ambazo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 lugha yake ni Kiswahili. Kila tafsiri ni nafasi nyingine ya nia kupotea njiani au kuzuliwa.

Sheria inatafuta nini

Ujumbe wa simu umekuwa ushahidi halali nchini kwa muda sasa. Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa mwaka 2007 ili taarifa zilizotolewa ndani ya kompyuta na mitandao zipokelewe katika kesi za jinai. Mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria mbili zilizofuatana: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13, na Sheria ya Makosa ya Mtandao, namba 14. Ya kwanza inakataza ushahidi kukataliwa kwa sababu tu umo ndani ya kifaa cha kielektroniki, lakini inamtaka hakimu apime: ujumbe ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, je, umebaki kama ulivyokuwa, na aliyeutuma ametambuliwaje.

Ya pili ndiyo inayogusa vitisho. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu nayo, iliyotungwa kabla simu ya mkononi haijafikiriwa, ina kosa la kumfikishia mtu maandishi ya kutishia kuua, ilimradi mfikishaji aliyajua yaliyomo.

Msomaji aone maneno mawili yaliyojificha humo: "kwa nia" na "aliyajua". Sheria haimhukumu mtu kwa herufi alizobonyeza peke yake. Inataka ithibitishwe kilichokuwa moyoni mwake alipozibonyeza. Na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa kuwa simu huhifadhi maneno, saa na namba, na haina sehemu ya kuhifadhi moyo.

Kwanza, ni nani aliyeandika?

Kabla ya kuuliza mtu alikusudia nini, ni lazima ijulikane ni yeye aliyeandika. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na usajili wa zamani ulifikia ukomo wake Januari 20, 2020. Hata hivyo namba si mtu. Simu huazimwa, huibwa, huachwa mezani ikichajiwa, na wako waliosajiliwa laini kwa majina yao pasipo wao kujua.

Uingereza imewahi kutoa mafunzo mawili juu ya jambo hili. Juni 2001, msichana wa miaka 15 alitoweka katika mkoa wa Essex. Baada ya kutoweka kwake, simu ya mjomba wake ilipokea ujumbe uliotoka kwenye simu ya msichana huyo. Wataalamu wa lugha waliona kuwa ujumbe ule uliandikwa kwa namna ya herufi isiyokuwa desturi ya msichana. Mjomba ndiye aliyejitumia ujumbe huo, ili ionekane kuwa msichana yu hai. Desemba 2002 alihukumiwa kwa mauaji.

Mwaka 2005, katika mji wa Richmond kaskazini mwa nchi hiyo, binti wa miaka 19 alitoweka naye, na simu yake ikaendelea kutuma salamu. Profesa Malcolm Coulthard, bingwa wa isimu katika mahakama, alilinganisha ujumbe wa kabla na wa baada ya kutoweka. Binti alikuwa na njia zake za kufupisha maneno na kuacha nafasi. Mwandishi wa ujumbe wa baadaye alikuwa na njia nyingine, iliyofanana na ya mwanamume aliyeshukiwa. Mwaka 2008 mwanamume huyo alitiwa hatiani kwa mauaji, ingawa mwili wa binti haukuwa umepatikana.

Elimu hii inafaa sana kwa Kiswahili. Mmoja huandika "xaxa", mwingine "sasa". Mmoja huandika "nmekuja", mwingine "nimekuja". Yuko asiyeanza ujumbe pasipo "Asalaam aleikum", hata akiwa amekasirika. Wazazi wengi wangeweza kutambua kuwa ujumbe uliotoka kwenye simu ya mtoto wao haukuandikwa naye, kwa sababu tu salamu imebadilika. Lakini Profesa Coulthard hakutoa ushahidi wa hisia. Alilinganisha ujumbe mwingi, na kwa hiyo familia inayofuta ujumbe wa zamani inafuta pia kipimo cha kulinganishia.

Pili, alikusudia nini?

Hapa mifano ya kujikwaa ni mingi. Januari 2010 theluji ilifunga uwanja mdogo wa ndege wa Robin Hood, karibu na Doncaster, Uingereza. Kijana aliyekuwa na safari aliandika kwenye mtandao wa Twitter, kwa mzaha wa hasira, kwamba ataulipua uwanja usipofunguliwa. Hakuwa na baruti wala mpango, na hakuwaandikia wenye uwanja. Siku kadhaa baadaye mtumishi wa uwanja aliyaona maneno hayo. Kijana alikamatwa, akatiwa hatiani Mei 2010, akatozwa faini na kupoteza kazi. Ilichukua zaidi ya miaka miwili, hadi Julai 2012, Mahakama Kuu ikasema kuwa maneno yale, kwa jinsi yalivyoandikwa na mahali yalipoandikwa, hayakuwa na sura ya tishio, na hukumu ikafutwa.

Marekani mizani ilielemea upande mwingine. Mtu mmoja wa jimbo la Colorado alimtumia mwanamuziki wa kike mamia ya ujumbe wa Facebook kwa miaka miwili. Mwanamke alimzuia mara kwa mara, naye akafungua akaunti mpya na kuendelea. Ujumbe mwingine ulikuwa salamu tu, mwingine ulionyesha kuwa anamfuatilia anakokwenda, mwingine ulimtakia kifo. Mwanamke alishikwa na hofu hata akafuta maonyesho yake. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa haitoshi kuthibitisha kwamba mtu wa kawaida angeogopa. Ni lazima ithibitishwe pia kwamba mwandishi alitambua, walau kwa kiasi cha kupuuza hatari iliyo wazi, kuwa maneno yake yatasomwa kama tishio. Wengi walisikitika kwa ajili ya mwanamke yule, na wana haki. Lakini mahakama ilikuwa ikijaribu kulinda jambo ambalo hata sisi tunalihitaji: mtu asifungwe kwa hofu ya mwenzake pekee.

Karibu nasi, Juni 2016, mahakama ya Arusha ilimtoza mkazi mmoja faini ya shilingi milioni 7, au kifungo cha miaka 3, kwa maneno aliyoyaandika Facebook dhidi ya Rais wa wakati huo. Hapakuwa na tishio la kuua katika kesi hiyo. Tunaitaja kwa sababu kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaziweka katika fungu moja nia za kukashifu, kutishia, kutukana na kupotosha. Matusi ni maovu, na hakuna mlezi wa Kiislamu atakayeyatetea. Hata hivyo mtukanaji na muuaji si watu wa mlango mmoja, na mpelelezi anayewatia katika kapu moja atachelewa kumfikia yule wa pili.

Je, kompyuta inaweza kuiona nia?

Kwa kuwa ujumbe ni mwingi kuliko macho ya wapelelezi, mataifa yamegeukia mashine. Njia ya kwanza, na nyepesi, ni orodha ya maneno. Kenya ilifundishwa na machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo ujumbe mfupi wa chuki ulizunguka kwa simu. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano kwa sheria ya mwaka 2008, na Aprili 2022 tume hiyo ikatoa orodha ya maneno yanayoweza kutumika kuchochea. Mojawapo ni "madoadoa". Kwa mfugaji wa Wasso madoadoa ni rangi ya mbuzi. Katika Bonde la Ufa la Kenya, mdomoni mwa mwanasiasa, yamewahi kumaanisha majirani wa kabila jingine wanaotakiwa kuondolewa. Orodha iliingiza pia "hatupangwingwi", neno la kampeni ambalo mashabiki wake waliliona ni la kujigamba tu. Orodha inashika neno na haishiki msemaji. Tena, wenye nia mbaya huisoma orodha hiyo na kesho yake wakabuni neno jipya.

Njia ya pili ilikuwa ya binadamu. Kuanzia Septemba 2012, mradi wa Umati wa watafiti wa iHub jijini Nairobi uliwaweka wasomaji wa Kiswahili, Kikuyu, Kiluo, Kikalenjin, Kiluhya, Kisomali na Sheng kufuatilia maandishi ya mtandaoni kabla ya uchaguzi wa 2013. Hawakuuliza neno gani limetumika peke yake. Waliazima vipimo vya mtaalamu Susan Benesch wa Marekani: nani amesema, kwa wasikilizaji gani, amesema nini, katika mazingira gani, kwa chombo gani. Kisha wakayagawa maneno katika ngazi, tangu ya kuudhi hadi ya hatari kubwa.

Njia ya tatu ndiyo inayotangazwa leo kwa jina la akili mnemba. Programu hulishwa maelfu ya mifano ambayo binadamu wamekwishaitia alama, hii ni tishio na hii si tishio, kisha hujifunza yenyewe kukisia mfano mpya. Kwa lugha zetu mifano ilikuwa haba. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Kiafrika wamekusanya hazina ya maandishi ya chuki na matusi iitwayo AfriHate, yenye lugha 15 za bara hili, Kiswahili kikiwamo. Ni hatua ya kheri, lakini Kimaasai hakimo wala Kisonjo.

Kiswahili chenyewe kinaisaidia na kuitatiza mashine kwa pamoja. Kinaisaidia kwa kuwa kitenzi kimoja kinabeba shtaka zima: katika "nitakuchinja" yumo mtendaji, umo wakati ujao, yumo anayelengwa, na kimo kitendo. Kinaitatiza kwa kuwa vitisho vyetu vizito mara nyingi havina neno baya hata moja. "Utanitambua." "Tutaonana." "Usije ukasema sikukuambia." "Wasalimie watoto wako wa shule." Na watoto wa mama mmoja huandikiana "nitakuua ukimaliza ubwabwa wangu", kisha wakaketi sinia moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme programu inapitia ujumbe 100,000, na humo vitisho vya kweli ni 10. Tuseme inapatia mara 99 katika kila 100, sifa ambayo muuzaji yeyote angeitangaza kwa fahari. Itavikamata takriban vyote 10. Lakini itakosea mara moja katika kila mia ya ujumbe uliobaki, yaani itawanyooshea kidole karibu watu 1,000 wasio na hatia. Kwa hiyo kati ya kila watuhumiwa 101 wa mashine, mwenye tishio la kweli ni mmoja. Mashine hiyo inafaa kumwonyesha mpelelezi pa kuanzia kusoma. Ikitumika kama ushahidi wa hatia, ni dhulma iliyovaa koti la elimu.

Barua iliyokamatwa njiani

Umma wa Kiislamu si mgeni katika suala hili. Mwaka wa 8 Hijiria, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akijiandaa kwa siri kuelekea Makka, Swahaba Hatib bin Abi Baltaa aliwaandikia Makuraishi barua ya kuwatahadharisha. Kama ilivyopokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume aliwatuma Ali, Zubeir na Miqdad hadi mahali paitwapo Raudhat Khakh, wakamkuta mwanamke aliyechukua barua, naye baada ya kukana akaitoa katika misuko ya nywele zake.

Tazama mambo yalivyofuatana. Barua ilikuwa mkononi. Mwandishi alijulikana. Maneno yalikuwa wazi, na wakati ulikuwa wa vita. Umar (r.a.) aliomba ruhusa ya kumkata shingo. Lakini Mtume alimwita Hatib kwanza na kumuuliza ni nini kilichomsukuma. Hatib akaeleza kuwa hakuiacha dini. Alikuwa na jamaa Makka wasio na ukoo wa kuwahami, akataka awe na fadhila kwa Makuraishi ili wasiwadhuru. Maelezo yake yalipokewa na ushiriki wake katika vita vya Badr ukazingatiwa. Kitendo hakikuitwa chema, na mwanzo wa Sura ya 60, Al-Mumtahana, ulishuka kuonya juu yake. Ila nia ilipimwa kwa kuulizwa na kwa historia ya mtu, haikukisiwa kwa kuisoma karatasi.

Wako pia wanaoikumbuka habari ya Usama bin Zeid (r.a.), aliyemuua mtu vitani baada ya kutamka shahada kwa kudhani ameitamka kwa hofu ya upanga. Mtume alimkemea vikali kwa kudai kuyajua yaliyo moyoni mwa mwenziwe. Wanachuoni walijenga juu ya mapokezi kama hayo kanuni kwamba hakimu huhukumu kwa yaliyodhihiri, na ya siri yako kwa Mola. Tunapoambiwa kuwa programu imeigundua nia ya mtu, tuikumbuke mipaka hiyo. Kilichogunduliwa ni dalili, na dalili huanzisha uchunguzi.

Dalili ambazo hazipaswi kupuuzwa

Tahadhari hiyo isitufanye tuwaache wanaotishwa bila ya ulinzi. Wapelelezi wenye uzoefu hawatazami sentensi moja. Hutazama kama tishio linarudiwa na kuongezeka ukali; kama linataja mahali, saa, silaha au njia anayopita mtu; kama mtishaji amewahi kupiga au kuvunja; kama anajua alipo anayemtisha na ana uwezo wa kumfikia; na kama kuna jambo lililomchochea, mathalani talaka, kesi ya ardhi au mgogoro wa mirathi. Ujumbe wa "tutaonana" kutoka kwa mume aliyekwishamjeruhi mkewe ni mzito kuliko matusi kumi ya mtu asiyejulikana. Mama anayesema "safari hii naogopa" anayajua mazingira ambayo mashine haiyajui. Asiambiwe avumilie kwa kuwa maneno ni maneno tu.

Afanye nini? Kwanza, asifute ujumbe, hata ule unaomtia aibu. Katika WhatsApp mtumaji anaweza kuufuta ujumbe wake kwenye simu zote mbili, na kampuni hiyo, kwa mfumo inaotumia tangu 2016, haiwezi kuyasoma maneno yanayopita. Ushahidi uko ndani ya kifaa chenyewe. Kwa hiyo apige picha ya kioo kwa simu nyingine, namba, tarehe na saa zikionekana, kisha aihifadhi simu yenyewe, kwa maana picha pekee huweza kughushiwa na upande wa pili utalisema hilo mahakamani. Pili, asijibu kwa tishio. Jibu lake litasomwa mbele ya hakimu pamoja na ujumbe wa kwanza. Tatu, ahifadhi mazungumzo yote, ya kabla na ya baada, kwani ndani yake ndimo mzaha au shari inapobainika. Nne, apeleke habari polisi, na kwa ukatili wa ndani ya nyumba aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya dharura ni 112, na ya msaada kwa watoto ni 116. Ujumbe wa kitapeli, kama ule mashuhuri wa "ile pesa itume kwenye namba hii", hutumwa kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, na *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kwa wanaopokea ujumbe usio wao, wajibu ni mwingine. Katika Delta ya Tana nchini Kenya, ambako Waorma na Wapokomo walipigana mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 na zaidi ya watu 100 wakauawa, uvumi ulikuwa sehemu ya kuni za moto ule. Baadaye shirika la Sentinel Project la Kanada, pamoja na washirika wake wa Kenya, lilianzisha huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwanakijiji aliyesikia kuwa jirani wanajiandaa kushambulia aliituma habari hiyo kwa simu. Wajitolea wa vijijini wakaichunguza kwa wazee na viongozi. Jibu likarudi kwa simu. Jina lile la Kiswahili ni swali ambalo aya ya 6 ya Sura ya 49, Al-Hujurat, inalifanya kuwa faradhi ya kila aletewaye habari: kuchunguza kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mkazi wa Wasso anayepokea sauti ya kutisha katika kundi la WhatsApp ana uwezo wa kuuliza swali hilo kabla ya kubonyeza kitufe cha kusambaza.

Na aya ya 12 ya Sura hiyohiyo inakataza dhana mbaya na kupelelezana. Mume anayepekua simu ya mkewe usiku akitafuta nia katika kila "asante", au mke afanyaye hivyo kwa mumewe, atalipata analolitafuta, kwa kuwa karibu kila neno fupi linaweza kubeba maana mbili. Mwenye shaka na amuulize mwenzake uso kwa uso mchana. Mwenye kutishwa na asiulize, bali aihifadhi simu yake na kutafuta msaada siku hiyohiyo.

Wallahu aalam.